Mbegu Zimeshapandwa, Sasa Mkojo Umegoma

Mwanamume aliyepandikizwa mbegu za mionzi kwenye tezi dume kutibu saratani huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Mara nyingi hutoka anatembea mwenyewe, mfuko wa dawa mkononi, akijiuliza mbona watu walimtia hofu. Hana mshono. Kwenye msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ana alama za sindano na weusi wa damu iliyovilia, basi. Mkojo unachoma kidogo na una wekundu, lakini unatoka. Anapiga simu nyumbani kusema mambo ni mazuri, chinjeni kuku.

Kuku achinjwe, hakuna ubaya. Ila familia ijue kwamba wiki ngumu bado hazijafika. Matibabu haya ni mepesi mbele ya daktari na mazito nyumbani: kero za mkojo hufikia kilele wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshamaliza kutoa pole. Kwa msomaji aliyesafiri kwenda India au Afrika Kusini kutibiwa, jambo hili lina uzito wa pekee. Aliyepanda mbegu yuko ng'ambo, na atakayeamshwa saa nane usiku ni tabibu wa zamu wa hospitali ya wilaya ambaye huenda hajawahi kukutana na mgonjwa wa namna hii. Hapo ndipo makosa hutokea, na kubwa kuliko yote ni haraka ya kuikata tezi iliyovimba. Ikiachwa na kutunzwa, sehemu kubwa ya kuvimba huko huondoka yenyewe.

Mbegu yenyewe ni kijichuma cha titani chenye urefu wa milimita 4.5 hivi na unene usiofika milimita moja. Ndani yake mara nyingi kuna iodini-125. Vituo vingine hutumia paladi-103 au sizi-131. Tezi ya kawaida hupewa mbegu kati ya 80 na 120 hivi, zikipitishwa kwenye msamba kwa sindano ndefu ishirini na kitu, mgonjwa akiwa na ganzi ya uti wa mgongo au akiwa usingizini, na daktari akiifuata kila sindano kwenye skrini ya altrasaundi iliyoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Namna hii ya kuongozwa na altrasaundi ilitoka Denmark, kwa Hans Henrik Holm na wenzake, waliochapisha kazi yao mwaka 1983. Kabla ya hapo, kule New York, Willet Whitmore na wenzake walikuwa wakipasua sehemu ya chini ya tumbo na kupanda mbegu kwa kupapasa. Siku hizi sindano inapita pale hasa ilipokusudiwa. Lakini sindano ni sindano: majeraha ishirini na zaidi ndani ya kiungo chenye ukubwa wa ndimu lazima yavimbe.

Kiasi cha kuvimba hutofautiana sana mtu na mtu. Wapo ambao tezi huongezeka kidogo tu, na wapo ambao huongezeka nusu nzima ya ujazo wake. Chukua tezi ya mililita 40 ikawa ya mililita 60. Ukiisikia hesabu hiyo unashtuka, ila kwa kipimo cha rula upana wake umeongezeka kama sehemu moja ya saba, yaani sentimita nne zimekuwa nne na milimita sita. Kwa nje hakuna atakayeona kitu. Tatizo ni kwamba njia ya mkojo inapita katikati ya tezi hiyo, na tezi imefunikwa na gamba lisilotanuka kirahisi. Nyama ikivimba na nje kukawa na ukuta, inabanwa ile njia ya katikati.

Kuvimba huko huanza mgonjwa akiwa bado mezani, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, kisha hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi. Siku ya kumi imebaki nusu, siku ya ishirini robo, na mwezi ukitimia kumebaki kidogo. Mgonjwa akielezwa hivyo hujiwekea moyoni kwamba baada ya mwezi atakuwa amepona. Mwezi unakwisha, anaamka mara sita usiku badala ya mara tatu za wiki iliyotangulia, na anaamini kwamba kuna kitu kimeharibika au kwamba saratani imemshinda daktari.

Hakuna kilichoharibika. Ni kwamba sindano zimemaliza kazi yao na mionzi ndiyo kwanza inakolea. Iodini-125 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi, maana yake nusu ya dozi yote hutolewa katika miezi miwili ya kwanza. Utando wa njia ya mkojo na shingo ya kibofu hukereka polepole. Mara nyingi mgonjwa huanza kuyahisi mabadiliko haya wiki ya pili au ya tatu, na hali huwa mbaya zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Mkojo unachoma, unakuja kwa ghafla, unatoka mwembamba, unakatika katikati, na ukimaliza unahisi hujamaliza. Halafu unaanza kutulia, taratibu mno, na wengi hurudi karibu na hali yao ya zamani kati ya mwezi wa tisa na mwaka. Kwa paladi-103, ambayo nusu ya nguvu yake huisha kwa siku 17, kero huja mapema na huondoka mapema. Kwa hiyo kabla hujaondoka hospitalini uliza umepandwa mbegu za aina gani, na uandike. Bila jina hilo huwezi kujua uko wapi katika safari hii.

Kwa aliye bado kwenye foleni, hajapandikizwa, kuna mambo ya kuzungumza na daktari mapema. Katika taarifa za vituo vingi, kati ya wanaume 100 waliopandwa mbegu, 5 hadi 15 hivi huziba mkojo kabisa kwa muda na kulazimika kuwekewa mpira wa mkojo. Walio hatarini zaidi wanafahamika: wenye tezi kubwa, hasa ikipita mililita 50 au 60, wenye kipande cha tezi kilichochomoza ndani ya kibofu, na wale ambao mkojo ulikuwa unawasumbua tangu mwanzo. Hili la mwisho hupimwa kwa fomu ya maswali saba yenye alama 0 hadi 35. Wazee wengi huijaza kwa aibu. Aliyeamka mara nne anaandika mara moja, anayesukuma kwa nguvu anaandika hapana, hasa binti yake akiwa amekaa pembeni akimsomea maswali. Mzee wangu, anayejikaza mbele ya fomu ile atakuja kujikaza chooni. Mtoe binti nje, ijaze kwa ukweli.

Tezi ikiwa kubwa, madaktari wengine hutanguliza dawa za homoni kwa miezi kama mitatu, ambazo huweza kuipunguza kwa karibu theluthi. Rudy Giuliani alipokuwa meya wa New York mwaka 2000 alipitia njia hiyo, homoni kwanza na mbegu baadaye. Dawa hizo zina gharama yake, joto la ghafla mwilini na hamu ya tendo la ndoa kutoweka, kwa hiyo uliza kama kweli unazihitaji. Na kama mkojo wako ni mbaya sana kabla ya yote, ni haki yako kuuliza kama matibabu mengine, mionzi ya nje kwa mfano, yasingekufaa zaidi.

Sasa dawa. Karibu kila anayepandikizwa hupewa tamsulosini ya miligramu 0.4 au nduguye, mara nyingi ikianza kabla ya siku yenyewe na kuendelea kwa miezi. Dawa hii haipunguzi kuvimba. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi ili mkojo upate upenyo. Ndiyo maana si busara kuiacha wiki ya nne kwa kuwa uliambiwa kuvimba kumepungua, wakati mionzi ndiyo inapanda. Meza baada ya mlo uleule kila siku. Kwa aliyefunga Ramadhani, baada ya futari inafaa. Ukiamka usiku, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu pumzi kadhaa, ndipo usimame, kwa sababu hushusha presha na wapo wazee waliovunjika nyonga wakikimbilia choo. Huweza pia kufanya shahawa zisitoke, jambo linalowatisha wengi na halina madhara. Na kama unangoja upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia au uliwahi kuitumia. Atajua kwa nini.

Kwa kuvimba kwenyewe hutolewa dawa kama ibuprofeni au diklofenaki, na kwa wengine steroidi kwa siku chache. Hizi usijinunulie. Duka la dawa lililo mtaani kwako litakuuzia diklofenaki bila kuuliza swali, lakini figo ambazo mkojo wake unarudi nyuma haziivumilii dawa hiyo vizuri, na mwenye vidonda vya tumbo au presha ana sababu nyingine ya kuiogopa. Mwenye kisukari akipewa steroidi apime sukari kila siku.

Kuna dawa nyingine ambazo hakuna anayezifikiria. Mtu ana mafua, anameza Piriton. Tumbo linasokota, anapewa Buscopan. Miguu inawaka moto, anaandikiwa amitriptilini. Pua imeziba, ananunua vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini. Kila moja ya hizo inaweza kukifanya kibofu kishindwe kusukuma au shingo yake ikaze, na kwa mwanamume ambaye njia yake ya mkojo imebaki upenyo, hilo linatosha kumfunga. Mbaya zaidi ni ile Buscopan, kwa sababu maumivu ya kibofu kilichojaa hufanana na msokoto wa tumbo. Mgonjwa anapewa dawa ya kutuliza, naye anaziba zaidi. Mwambie muuza dawa kila unapokwenda dukani: nina tezi dume, sitaki dawa ya kufunga mkojo. Wengi wao wataelewa.

Za mitishamba na za nguvu za kiume ni habari hiyohiyo, na kuna la kuongeza. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa na dawa za hospitalini ndani yake, zile za kusimamisha uume. Zikikutana na tamsulosini, presha huweza kuporomoka ukaanguka. Hamu ya kurudi chumbani haikatazwi, nitaigusia mbele, lakini ipitie kwa daktari.

Maji ya kunywa huwachanganya watu. Mmoja ataambiwa anywe mengi asafishe, mwingine atajinyima ili asiamke. Kunywa vya kutosha mchana, mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu, kisha punguza kuanzia magharibi. Aliyefunga Ramadhani hawezi kufuata ratiba hiyo, na katika miezi mitatu ya kwanza ningemshauri azungumze na daktari na sheikh wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa kabla ya kujibebesha, maana maji yote yakinywewa kati ya futari na daku, usiku mzima ni wa chooni. Kahawa chungu ya barazani, chai ya rangi iliyokolea, pombe na pilipili huchokoza njia ya mkojo iliyochubuka. Si lazima uzikane maisha, zipumzishe miezi hii. Choo kigumu nacho hubana njia ya mkojo kwa nyuma, kwa hiyo papai, mchicha na bamia viwe mezani. Bodaboda na baiskeli ziache kwa wiki kadhaa.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Wengi wanaoziba huziba ndani ya siku za kwanza baada ya mpira wa hospitali kutolewa, ingawa wapo wanaoziba wiki za baadaye. Mzee anaamka saa nane, anasimama chooni, anafungua bomba asikie maji, anakohoa, hakuna kitu. Anarudi kitandani. Nusu saa baadaye anaamka tena, yanatoka matone. Mkewe anauliza, "Baba Hamisi, umekojoa?" Anajibu amekojoa. Jibu hilo lisikubaliwe hivihivi. Matone yanayotoka kidogo kidogo bila kukoma yanaweza kuwa ni kibofu kilichojaa mpaka kinafurika. Weka mkono chini ya kitovu: pakiwa pagumu, pamejaa, na pakibonyezwa anaruka, mkojo umeziba, hata kama chupi imelowa.

Kabla ya hapo, mkojo unapokuwa mzito tu, jaribu kukaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, ukojoe humohumo ukiweza. Hakuna anayekuangalia. Tembea kidogo. Keti badala ya kusimama. Usinywe maji mengi ukidhani yatasukuma. Unaongeza maji kwenye mtungi uliofungwa mdomo. Zikipita saa sita hivi hujatoa kitu, au maumivu yakiwa makali kabla ya hapo, nenda hospitali usiku huohuo. Ukiwa na homa na baridi ya kutetemeka pamoja na mkojo mgumu, usingoje hata saa moja, kwa sababu maambukizi juu ya kibofu kilichoziba yanaweza kuingia kwenye damu upesi.

Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe haya au yanayofanana nayo: "Nimepandikizwa mbegu za mionzi kwenye tezi dume tarehe fulani. Mkojo umeziba. Naomba nitolewe mkojo kwa mpira, tezi yangu isikatwe, na hii hapa ndiyo barua ya daktari wangu." Mpira mwembamba kiasi, wenye mafuta ya ganzi ya kutosha, kwa kawaida hupita, ule wenye ncha iliyopinda hupita vizuri zaidi. Ukigoma mara mbili, asilazimishe mtu. Aitwe bingwa wa mfumo wa mkojo, na asipopatikana, kibofu kinaweza kutolewa mkojo kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi juu ya kinena, njia ambayo haiigusi tezi kabisa. Kama mkojo una mabonge ya damu, kibofu kioshwe kwanza, vinginevyo mpira utaziba saa hiyohiyo.

Mpira hukaa siku kadhaa, pengine wiki, halafu hutolewa ukajaribu. Ukishindwa, unarudishwa. Kuna wanaokaa nao wiki nyingi, na hapo inafaa kujifunza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija safi mara kadhaa kwa siku. Jambo hili husikika kuwa la kutisha mpaka mtu alifanye. Wengi husema ni afadhali kuliko kutembea na mfuko wa mkojo chini ya kanzu. Kwa Waislamu wanaotokwa na matone, suala la udhu lina hukumu yake inayojulikana, na sheikh atakueleza namna ya kutawadha kwa kila sala bila kujitesa.

Sasa kisu. Mwanamume aliyeziba mkojo mara mbili, ana tezi kubwa kwenye altrasaundi, akifika kwa daktari asiyejua habari ya mbegu, atashauriwa kwa nia njema kabisa akakwanguliwe tezi kwa njia ya mkojo. Kwa mgonjwa wa kawaida wa tezi iliyokua hiyo ni tiba nzuri. Kwa huyu, katika miezi ya mwanzo, ni hatari. Nyama iliyo chini ya mionzi haiponi vizuri, na anayekatwa mapema ana hatari kubwa zaidi ya kushindwa kuuzuia mkojo, tena pengine maisha yake yote. Zaidi ya hapo, mbegu zinakatwa na kutolewa pamoja na nyama: dozi iliyopangwa inaharibika, na vijichuma vyenye mionzi vinaishia kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji bila mtu kujua. Wataalamu wengi husubiri angalau miezi sita, na wakiweza mwaka, na hata hapo hukata kidogo tu, kwa mkono wenye uzoefu. Mpira wa wiki nane unachosha, naelewa. Lakini mpira unatoka. Msuli wa kuzuia mkojo ukiharibika, kuurudisha ni kazi.

Onyo hilohilo ni kwa njia ya haja kubwa. Ukiona damu kwenye choo miezi kadhaa baada ya mbegu, huenda ni ukuta wa mbele wa utumbo uliokerwa na mionzi. Daktari anaweza kuangalia kwa kamera. Asinyofoe kipande cha nyama hapo wala kuchoma bila kuwasiliana na mtaalamu wa mionzi, kwa sababu kidonda hicho kinaweza kukataa kufunga na kutoboka hadi kwenye njia ya mkojo.

Ndiyo maana barua ni muhimu kuliko dawa. Usiondoke hospitalini bila karatasi yenye tarehe, aina ya mbegu na idadi yake, dozi iliyopangwa (kwa iodini-125 peke yake mara nyingi ni Grei 145), ujazo wa tezi kabla, dawa unazotumia, maelekezo kuhusu mpira na katazo la kukata mapema, na namba ya simu inayopokelewa. Piga picha karatasi hiyo, iwe kwenye simu yako na ya mtoto wako. Utaihitaji pia uwanja wa ndege, kwani vifaa vya kunusa mionzi vinaweza kukulilia. Katika ndege omba kiti cha kando ya njia, nenda chooni hata kama hujabanwa sana, na pombe ya bure iache ipite.

Kuna miadi moja ambayo wasafiri huitoroka, nayo ni kipimo cha CT cha mwezi mmoja baadaye. Wanaona nauli ni kubwa na wao wanajisikia wazima. Sababu ya kungoja mwezi ni kuvimba huku huku. Siku ya kwanza tezi imetanuka, mbegu zimeachana, na hesabu ya dozi inaonekana ndogo kuliko itakavyokuwa. Tezi ikirudi, mbegu zinasogeleana. Kwa hiyo picha ya siku ya kwanza pekee inaweza kudanganya. Picha ya siku ya 30 hivi ndiyo inayosema kama kuna pembe ya tezi iliyokosa dozi, na kasoro ikionekana mapema inaweza kushughulikiwa. Kwa paladi hufanywa mapema kidogo. Kama huwezi kusafiri, uliza kabla ya kuondoka kama kipimo kinaweza kufanyiwa Dar es Salaam au Nairobi na picha zikatumwa kwa waliopanga dozi. Kinachotakiwa ni waeleze mapema unene wa vipande vya picha wanavyotaka.

Nyumbani hofu ya mionzi huwa kubwa kuliko mionzi yenyewe. Iodini-125 hutoa miale dhaifu ambayo mingi huishia ndani ya tezi na nyama zinazoizunguka. Mkojo wako hauna mionzi, sahani haina, shuka haina, choo ni cha watu wote. Kulala na mke ni sawa, asipokuwa mjamzito. Wajukuu wakumbatie, ila kwa miezi miwili ya kwanza usiwapakate mapajani kwa muda mrefu, na mkwe mjamzito akae umbali wa mita moja hivi anapoongea nawe. Siku za mwanzo kojolea kwenye chujio la chai, ambalo baada ya hapo halirudi jikoni. Mbegu ikitoka, usiishike kwa vidole; ichukue kwa kijiko au kibanio. Hospitali nyingine hutaka iwekwe kwenye kikopo walichokupa na irudishwe, nyingine huruhusu imwagwe chooni, kwa hiyo uliza mapema. Moja au mbili kutoka hakuharibu tiba.

Chumbani, baada ya wiki mbili hivi au kama daktari wako alivyosema, tumia kondomu mara chache za mwanzo, mbegu isije ikatoka na shahawa. Shahawa za kahawia au nyekundu ni damu ya zamani, zisikutishe. Na kwa jamii ambazo desturi yao ni kuchoma maiti, familia ijue kwamba kifo kikitokea ndani ya mwaka au miwili ya mwanzo, kwa sababu yoyote ile, hospitali ielezwe habari ya mbegu kabla ya mazishi.

Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, kipimo cha damu cha PSA kinaweza kupanda kidogo kisha kushuka chenyewe. Hutokea kwa karibu mwanamume mmoja kati ya watatu. Daktari asiyejua ataanza kuzungumzia saratani kurudi na kutaka kunyofoa nyama. Mwombe arudie kipimo baada ya miezi mitatu na awasiliane na waliokutibu.

Jambo la mwisho ni la yule ambaye mkojo wake ulinyooka kwa miezi mingi, kisha mwaka wa pili ukaanza kuwa mwembamba kama uzi au kutawanyika. Asikubali kuambiwa ni kuvimba kuleule kumerudi, wala asirudie tamsulosini aliyobakiza kabatini. Kuvimba kwa sindano hakurudi baada ya mwaka. Hapo kinachotafutwa ni kovu lililokaza njia ya mkojo, maambukizi, au jiwe kibofuni, na kinachohitajika ni kupimwa mkojo, kuangaliwa kiasi kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa, na kamera nyembamba kupitishwa kwenye njia. Kovu likipatikana, mara nyingi hupanuliwa bila tezi kuguswa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo.